Intaneti na runinga Uingereza: Mgeni aanzie wapi?

Nchini Uingereza intaneti ya nyumbani na televisheni hufuata nyumba. Kasi ya intaneti, kampuni zinazoweza kuiuza, muda wa mkataba, na hata leseni ya kutazama televisheni, vyote hutegemea anwani. Afrika Mashariki huduma humfuata mtu: laini iko kwenye simu yake, bando hununuliwa kwa siku, wiki au mwezi, king'amuzi kinahamishwa pamoja na magodoro, na fedha ikiisha huduma hukatika bila kuacha deni. Wauguzi, wanafunzi na familia zinazohamia London, Leicester, Reading au Glasgow hukutana na tofauti hii katika wiki za mwanzo, na hasara nyingi wanazopata hutokana na kusaini mkataba wa nyumba kwa mazoea ya vocha.

Utaratibu wenyewe si mgumu ukifuatwa hatua kwa hatua. Laini ya simu hutangulia, kisha huchunguzwa anwani, halafu mkataba, fundi, na mwisho televisheni pamoja na leseni yake.

LAINI YA SIMU KWANZA

Kufungiwa intaneti nyumbani huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, hivyo siku za mwanzo huendeshwa na simu. Laini ya kulipia kabla hupatikana supamaketi, kwenye maduka ya simu na viwanja vya ndege. Mnunuzi hatakiwi kutoa kitambulisho wala alama za vidole. Anaiweka laini kwenye simu, analipia kifurushi cha siku 30 na kuanza kuitumia.

Minara ni ya kampuni chache: EE, O2, na Vodafone na Three ambazo ziliungana katikati ya mwaka 2025. Majina mengine mengi yanayoonekana madukani hayana minara yao. Giffgaff na Tesco Mobile hutumia minara ya O2, Lebara hutumia ya Vodafone. Kwa hiyo laini ya bei nafuu hushika mtandao palepale inaposhika kampuni mama, na mgeni anapaswa kuuliza ni minara ipi inayofika mtaani kwake kabla ya kuvutiwa na bei.

Simu aliyotoka nayo mtu nyumbani hufanya kazi ikiwa haijafungwa kwa mtandao mmoja na inapokea 4G. Kampuni za Uingereza zimekuwa zikizima 3G tangu 2023, hivyo simu isiyovuka 3G hubaki na 2G peke yake, ambayo inatosha kupiga simu na kutuma ujumbe lakini haifai kwa intaneti. Ni muhimu pia simu iwe na uwezo wa kupitisha sauti kwenye 4G, na uwezo huo uwashwe kwenye mipangilio.

Laini ya nyumbani isitupwe. Namba za siri za benki, M-Pesa na huduma nyingine za fedha hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyosajiliwa, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni. Simu ya laini mbili humaliza tatizo hilo: laini ya Uingereza hubeba intaneti, ya nyumbani hubaki wazi kwa ajili ya ujumbe, huku matumizi ya data ya nje yakiwa yamezimwa kwenye laini hiyo ili salio lisiliwe.

Kwa mtu mmoja anayeishi chumba cha kupanga, simu inaweza kutosha kwa miezi kadhaa. Vifurushi vya data isiyo na kikomo vipo, na simu inaweza kugawa intaneti kwa kompyuta. Vyumba vingi vya kupanga na mabweni ya vyuo huwa na intaneti ndani ya kodi. Mwanafunzi aliyetoka chuo kilichounganishwa na eduroam, kwa mfano kupitia KENET ya Kenya au RENU ya Uganda, hukuta mtandao huohuo katika vyuo vya Uingereza, na akaunti ya chuo chake cha awali humwezesha kuingia maadamu haijafungwa.

WAYA UNAOFIKA NYUMBANI

Kabla ya kulinganisha bei, mgeni ajue ni waya gani umefika mlangoni kwake. Kampuni zote zina ukurasa wa kuingiza postikodi na kuchagua namba ya nyumba, na Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ina wake usiofungamana na muuzaji yeyote. Majibu hutofautiana hata kati ya nyumba mbili zinazotazamana.

Njia ya zamani ni waya wa shaba wa simu. Pale ambapo faiba imeishia kwenye kabati la mtaani na shaba ikamalizia safari hadi nyumbani, kasi kwa kawaida haivuki megabiti 80 kwa sekunde, na hushuka kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kabati. Njia ya pili ni faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba, ambayo hutoa gigabiti moja kwa sekunde au zaidi. Ya tatu ni waya wa Virgin Media, kampuni iliyojenga mtandao wake yenyewe katika miji mingi. Ya nne ni ruta ya 4G au 5G inayotumia minara ya simu, isiyohitaji fundi wala kutoboa ukuta. Vijijini, pale waya unapokosekana, watu hutumia pia setilaiti.

Nyingi ya kampuni zinazotangaza intaneti hazimiliki waya. Waya na nguzo ni za Openreach, tawi la kampuni ya simu ya BT, na BT yenyewe, Sky, TalkTalk, Plusnet na wengine huuza huduma juu ya waya huohuo. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kati ya hizo hakuongezi kasi ikiwa waya ni uleule. Kinachobadilika ni bei, ruta na huduma kwa wateja. Mji wa Hull una historia yake: huko mtandao wa simu haukuwa wa BT, na KCOM ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi, hivyo majina yaliyozoeleka miji mingine huenda yasipatikane huko.

Nyumba kubwa za zamani zilizokatwa kuwa fleti mbili au tatu huleta usumbufu. Kwenye kumbukumbu za kampuni fleti inaweza kuandikwa kwa namba, kwa herufi au kwa jina la ghorofa, na kuchagua ingizo lisilo sahihi kunaweza kukata huduma ya jirani. Nyumba mpya nazo huchelewa kuingizwa kwenye kumbukumbu. Dawa ni kumuuliza mwenye nyumba au wakala jina kamili la anwani kama lilivyosajiliwa, na kampuni iliyokuwa ikihudumia mpangaji aliyetangulia.

Kasi nayo inunuliwe kwa hesabu. Filamu ya ubora wa HD hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde, ya 4K kati ya 15 na 25, na simu ya video ya WhatsApp hutumia kidogo kuliko hizo. Familia ya watu wanne inayotazama vitu tofauti kwa wakati mmoja huishi vizuri na megabiti 50 hadi 80. Gigabiti moja ni ya nyumba yenye watu wengi au kazi ya kupakia mafaili makubwa. Kwa upande wa chini, sheria iliyoanza kutumika Machi 2020 inampa kila mkazi haki ya kuomba huduma ya angalau megabiti 10.

MKATABA USIZIDI KODI YA NYUMBA

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Vifurushi vingi vya kawaida vya intaneti huuzwa kati ya pauni 20 na 40 kwa mwezi, lakini bei hiyo huambatana na mkataba wa miezi 12, 18 au 24. Miezi 24 ndicho kikomo cha mkataba wa mwanzo kwa mteja wa nyumbani. Anayevunja mkataba hutozwa ada inayohesabiwa kwa miezi iliyobaki. Mtu mwenye mkataba wa nyumba wa miezi 12 anayesaini intaneti ya miezi 24 amejifunga kulipia nyumba ambayo huenda hataishi. Akihamia mahali ambapo kampuni ile ina huduma, anaweza kuhamisha mkataba. Ikiwa haina, masharti mengi bado humdai.

Mikataba ya siku 30 inayojirudia pia ipo. Bei yake kwa mwezi huwa juu, na mara nyingi kuna malipo ya mwanzo ya kufungiwa, lakini kwa mtu asiye na uhakika wa makazi huwa nafuu kwa jumla. Ruta za 5G nazo huuzwa kwa masharti kama hayo, na zina faida ya kuhamishika, ingawa baadhi ya kampuni hutaka zitumike kwenye anwani iliyosajiliwa pekee.

Mambo manne yasomwe kabla ya kukubali. La kwanza ni kupanda kwa bei. Zamani mikataba ilisema bei itapanda kwa mfumuko wa bei na asilimia kadhaa juu yake, na mteja hakuweza kujua atalipa kiasi gani. Tangu tarehe 17 Januari 2025 mikataba mipya lazima itaje ongezeko kwa pauni na peni, na tarehe ya kuanza. La pili ni kasi ya chini inayodhaminiwa: kampuni zilizosaini kanuni za Ofcom hupewa siku 30 kurekebisha kasi iliyoshuka chini ya hapo, zikishindwa mteja anaruhusiwa kuondoka bila adhabu. La tatu ni muda wa kutafakari: aliyenunua kwa simu au mtandaoni ana siku 14 za kughairi, ingawa anaweza kudaiwa huduma aliyokwisha kutumia. La nne ni bei baada ya mkataba kwisha, ambayo kwa kawaida hupanda sana. Kampuni zinalazimika kumkumbusha mteja kabla ya siku hiyo, na ujumbe huo haufai kupuuzwa.

Kuhama kampuni kumerahisishwa. Tangu Septemba 2024 mteja huwasiliana na kampuni anayoitaka peke yake, nayo hushughulika na ile anayoiacha. Hahitaji kupiga simu mbili wala kubembelezwa abaki.

BENKI NA KUMBUKUMBU ZA MIKOPO

Intaneti ya mkataba hulipwa kwa makato ya benki ya kila mwezi, hivyo akaunti ya benki ya Uingereza huhitajika. Kampuni nyingi pia hutazama kumbukumbu za mikopo za mwombaji katika taasisi tatu kubwa: Experian, Equifax na TransUnion. Zinafanya kazi inayofanana na ya zile ambazo Wakenya huziita CRB. Mgeni aliyefika juzi hana deni, lakini hana pia historia yoyote, na mfumo humwona kama asiyejulikana. Matokeo yake ni kukataliwa au kutakiwa kuweka amana.

Njia za kujenga jina ni za polepole: kutumia akaunti ya benki kwa utaratibu, kulipa bili kwa wakati, na kuandika anwani kwa namna ileile kila mahali. Iko njia moja ambayo wengi wa Afrika Mashariki hawaijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kuishi Uingereza wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na daftari la wapiga kura ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa na taasisi hizo kuthibitisha jina na anwani. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya hiyo. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo.

Matangazo ya intaneti ya bei ya chini kwa wenye kipato kidogo yasomwe kwa uangalifu. Bei hizo huambatanishwa na ruzuku za serikali kama Universal Credit, na viza nyingi za kazi na masomo zina sharti la kutopokea fedha za umma. Mwenye sharti hilo asiombe ruzuku ili apate intaneti nafuu, kwa kuwa atahatarisha kibali chake cha kuishi.

SIKU YA FUNDI

Ikiwa nyumba ina waya unaofanya kazi, kampuni hutuma ruta kwa posta na mteja huichomeka mwenyewe. Ikiwa faiba haijaingia ndani, fundi hupangiwa siku. Yeye huvuta waya kutoka kwenye nguzo au chini ya ardhi, hutoboa ukuta na kufunga kisanduku kidogo ndani, karibu na soketi ya umeme. Ruta huunganishwa hapo. Mtu mzima lazima awepo, vinginevyo fundi hurudi na miadi mpya inaweza kuchukua wiki.

Mpangaji aombe ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya ukuta kutobolewa. Katika majengo ya ghorofa ruhusa ya mmiliki wa jengo zima huhitajika pia, na hapo ndipo maombi mengi hukwama kwa miezi. Fundi asipotokea, huduma ikichelewa kuanza, au ikikatika na kutorekebishwa ndani ya siku mbili kamili za kazi, kampuni zilizojiunga na mpango wa fidia wa Ofcom humlipa mteja bila yeye kudai. Mpango huo ulianza Aprili 2019, lakini kujiunga ni hiari, hivyo inafaa kuuliza kama kampuni husika imo.

Simu ya mezani nayo imebadilika. Mtandao wa zamani wa simu wa shaba umepangwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027, na simu mpya za mezani huchomekwa kwenye ruta. Umeme ukikatika, simu hiyo hunyamaza. Kwa nyumba yenye mzee au mgonjwa anayetegemea kengele ya dharura, kampuni iarifiwe mapema.

Ruta iwekwe mahali pa wazi, juu ya meza au rafu, katikati ya nyumba iwezekanavyo. Kuta nene za matofali za nyumba za zamani hudhoofisha waifai, hasa ile ya masafa ya gigahezi 5, ambayo ina kasi lakini haipenyi vizuri. Ile ya gigahezi 2.4 hufika mbali kwa kasi ndogo zaidi.

LESENI YA TELEVISHENI

Hakuna jambo linalowashangaza wageni kama leseni ya televisheni. Ilianza kama leseni ya redio mwaka 1922, kwa shilingi kumi za Kiingereza, na ya televisheni ikaongezwa Juni 1946 kwa pauni mbili. Kuanzia Aprili 2025 iliwekwa pauni 174.50 kwa mwaka, na hupitiwa upya kila Aprili. Fedha zake huendesha BBC. Tangu 2014 sehemu kubwa ya gharama za Idhaa ya Dunia hutoka humo, ikiwamo Idhaa ya Kiswahili iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1957. Kabla ya hapo idhaa hizo zililipiwa na wizara ya mambo ya nje.

Leseni haitozwi kwa kumiliki runinga. Hutozwa kwa kutazama. Inahitajika kwa anayetazama au kurekodi matangazo mubashara ya kituo chochote cha televisheni, kwa kifaa chochote, ikiwa ni pamoja na simu na kompyuta. Inahitajika pia kwa anayetumia BBC iPlayer kwa kipindi chochote, kiwe mubashara au cha jana. Sharti hilo la pili liliongezwa Septemba 2016. Haihitajiki kwa anayetazama Netflix, video za kawaida za YouTube, au vipindi vilivyohifadhiwa vya vituo vingine, mradi haviko mubashara. Redio haina leseni tangu 1971.

Wengi hudhani kwamba vituo vya nje havihusiki. Vinahusika. Anayetazama taarifa ya habari ya kituo cha Nairobi au Dar es Salaam mtandaoni, wakati uleule inaporushwa hewani, anahitaji leseni sawa na anayetazama BBC. Akiitazama taarifa hiyo baadaye kama video iliyohifadhiwa, haihitaji.

Leseni moja hutosha nyumba moja, hata kama ina runinga tano. Katika nyumba za kushirikiana kigezo ni mkataba wa kodi. Wapangaji waliosaini mkataba mmoja wa pamoja huhitaji leseni moja. Kila mmoja akiwa na mkataba wa chumba chake, kila chumba kinachotazama huhitaji leseni yake. Wasioona au wenye uoni hafifu sana hulipa nusu, na wenye umri wa miaka 75 au zaidi wanaopokea nyongeza ya pensheni iitwayo Pension Credit hawalipi.

Nyumba isiyo na leseni hupokea barua nyingi zenye maneno makali, zikiandikwa kwa mkazi yeyote wa anwani ile. Asiyehitaji leseni hutoa tamko mtandaoni, ambalo huulizwa upya kila baada ya muda, na barua husimama. Maofisa wanaotembelea nyumba hawana haki ya kuingia bila hati ya mahakama au ruhusa ya mkazi. Lakini anayetazama bila leseni anaweza kufikishwa mahakamani na kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na kosa hilo si la kulibeba wakati wa kuomba viza. Matapeli nao hutumia jina la leseni kutuma barua pepe za uongo, hivyo malipo yafanywe kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi, si kwa kubofya kiungo kilichotumwa.

Nchi jirani zina taratibu nyingine. Ujerumani, kwa mfano, hutoza kila kaya ada ya utangazaji, iwe na runinga au isiwe nayo, na tangu 2021 ada hiyo imekuwa euro 18.36 kwa mwezi. Ushauri wa ndugu aliye Berlin kwa hiyo haumfai aliye Birmingham.

ANTENA, DISHI AU WAIFAI

Runinga iliyonunuliwa Kenya, Uganda au Tanzania inaweza kutumika Uingereza. Umeme ni wa volti na mzunguko unaolingana, plagi ni ileile ya pini tatu bapa, na mfumo wa kidijitali wa DVB-T2 unaotumika Afrika Mashariki ndio unaobeba chaneli za HD za Uingereza. Runinga za kisasa zilizotengenezewa Afrika zinaweza tu kukosa programu za vituo vya Uingereza, jambo linalotatuliwa kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI. Hata hivyo, runinga ni dhaifu kusafirishwa na bei zake Uingereza si kubwa, hivyo ni nadra kubeba kukawa na faida.

Matangazo ya bure hufika kwa njia tatu. Freeview hupokewa kwa antena ya kawaida, na nyumba nyingi zina antena juu ya paa na tundu lake sebuleni. Freesat hupokewa kwa dishi linaloelekezwa kwenye setilaiti zilizo nyuzi 28.2 mashariki, na mara nyingi dishi la Sky lililoachwa na mpangaji wa zamani hufaa. Freely, iliyoanza Aprili 2024, hupitisha chaneli za mubashara kwenye intaneti kwa runinga mpya zinazoikubali, bila antena wala dishi. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye kifurushi cha mwezi, lakini zote zinahitaji leseni. Vifurushi vya kulipia vya Sky, Virgin Media na EE huongeza michezo na filamu, navyo vina mikataba yenye masharti yaleyale yaliyotajwa kwa intaneti.

King'amuzi cha nyumbani hakina kazi. Mawimbi ya setilaiti zinazobeba Azam TV na DStv yameelekezwa Afrika, na dishi la paa la London haliyapati. Vituo vya nyumbani hupatikana mtandaoni, kwa programu zao au kwenye YouTube. Taarifa za habari na vipindi vya mazungumzo hufunguka, lakini michezo na tamthilia za kununua hufungwa nje ya nchi kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa kwa eneo.

Soka la England lenyewe huwageuka wageni. Shabiki wa Arsenal au Manchester United aliye Arusha mwenye kifurushi cha juu cha DStv huona mubashara mechi zote 380 za Ligi Kuu. Aliyehamia mtaa wa jirani na uwanja hazioni zote. Kuanzia msimu wa 2025/26 Sky inaonyesha angalau mechi 215 na TNT Sports 52, na zilizobaki, zaidi ya 100, hazionyeshwi mubashara nchini humo. Sababu ni kanuni ya kulinda mahudhurio viwanjani, inayozuia soka mubashara kwenye televisheni kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi, kwa saa za Uingereza. Chimbuko lake ni miaka ya 1960, pale Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, alipowashawishi wenzake kwamba televisheni ingewanyima mashabiki klabu ndogo.

Pengo hilo hujazwa na wauza vifaa vilivyofunguliwa kinyemela, vinavyoahidi chaneli zote za dunia kwa bei ya chakula cha mchana. Kuvitumia ni kuvunja sheria ya hakimiliki, wauzaji wake hufungwa jela, na mara nyingi vifaa hivyo huja na programu zinazoiba taarifa za benki. VPN ni halali Uingereza, lakini kuitumia kukwepa mipaka ya haki za maonyesho huvunja masharti ya huduma, na akaunti inaweza kufungwa.

KUHAMA NA KUONDOKA

Kwa kuwa huduma ni za nyumba, kuondoka ndani ya nyumba bila taarifa hakuzifuti. Kampuni ya intaneti iarifiwe mapema, kwa kawaida siku 30 kabla. Ruta na king'amuzi vya kuazimwa virudishwe kwa posta, na risiti itunzwe, kwani visiporudi mteja hutozwa gharama yake. Leseni ya televisheni haihami yenyewe: anwani ibadilishwe, na anayeondoka nchini kabla ya mwaka kwisha aombe kurudishiwa miezi kamili ambayo hakuitumia. Akaunti ya benki ifungwe baada ya bili ya mwisho kulipwa, maana deni dogo la intaneti lililosahaulika hubaki kwenye kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita na humsubiri mtu akirudi.

Kwa mgeni asiye na familia na asiye na uhakika wa makazi, laini ya simu ya siku 30 na vipindi vilivyohifadhiwa vinatosha kuanzia, bila mkataba na bila leseni. Aliyepata nyumba ya mwaka mzima atafute faiba ya miezi 12. Anayetaka taarifa ya habari ya nyumbani mubashara na soka sebuleni alipie leseni siku ya kwanza. Yeyote kati ya hao asisaini karatasi yenye miezi mingi kuliko ile iliyoandikwa kwenye mkataba wake wa nyumba.